Ndoa ya Pumzi Moja

Daktari aliponiambia nimepona, nilimwamini mpaka nilipotoka mlangoni. Palikuwa na ngazi chache za kushukia uwanjani, nikazishuka kibwana, mkono mmoja mfukoni. Chini nikakumbuka kwamba kofia yangu nimeiacha juu ya kiti chake, nikapanda tena kuifuata. Nilipofika juu nilikuwa nimeikumbatia nguzo, macho yamenitoka, natweta kama mbuzi aliyefukuzwa na mbwa. Daktari akatoka na kofia mkononi, akanivisha mwenyewe, akarudia kwamba nimepona. Nilitaka kumwuliza aliyepona ni nani, mimi au nguzo, lakini pumzi ya kuulizia sikuwa nayo.

Nisikufuru. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na sindano za kifua kikuu zilikuwa zinapatikana, tena bure. Kabla ya sindano hizo mtu akitema damu alianza kusomewa Yasini angali anakula. Mimi nilichomwa mpaka nikasahau namna ya kukaa, nikameza vidonge mwaka mzima na zaidi. Damu ikakoma, homa ikakoma, nikanenepa hata kanzu zikanibana. Pumzi tu ndiyo haikurudi. Ugonjwa ulihama nayo, kama mpangaji anayehama na mlango wa watu.

Nikarudi kwa daktari kudai haki yangu. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanigonga mgongo, akaniambia ukweli bila kuupaka sukari.

"Ugonjwa umekwisha, na humwambukizi mtu," akasema. "Lakini mapafu yako yana makovu, na kovu halivuti hewa. Pumzi uliyobaki nayo ndiyo hiyo. Jifunze kuitumia."

Nilikasirika sana. Nikaondoka bila kuaga, polepole, maana hata hasira zinataka pumzi.

Kwa daktari nilikuwa nimepona. Kwa watu wa Ng'ambo, mitaani kwetu, bado. Muuza kahawa wa baraza yetu aliniwekea kikombe cha peke yangu, kile chenye pengo mdomoni, akikileta kwa ncha za vidole viwili. Nikicheka nilikohoa, na nikikohoa baraza ilipata nafasi. Wazee ambao zamani walikuwa wakinibana pembeni, sasa walikumbuka kwenda msikitini kabla hata ya adhana. Ukiwaambia watu umepona, wanakuitikia Alhamdulillahi, huku wanavuta shuka lao lisikuguse.

Mama yangu, ambaye hakupenda kitu kipotee bure, aliiona faida. Siku hizo foleni za mchele zilikuwa ndefu, watu wakitoka alfajiri kuweka matofali yao mstarini kushika nafasi. Mama alinituma mimi, tena jua limeshapanda. Nilifika nikitweta kwa sababu ya mwendo tu, wallahi sikuwa na hila yoyote, na foleni ikafunguka yenyewe mpaka dirishani. Nilipomwambia Mama naona haya, aliniuliza kama haya zinaliwa na mchuzi wa papa.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa baiskeli. Nilikuwa na kibanda karibu na nyumbani, nikiziba pancha, nikinyoosha magurudumu, nikitia upepo. Unaweza kufikiri maneno yaliyokuwa yakisemwa. Fundi anaijaza mipira ya watu, wake mwenyewe umemshinda. Mganga hajigangi. Mmoja alipita kila asubuhi akinishauri nijizibe kwa gundi, na mimi kila asubuhi nikatafuta jibu la kumkata maini, na kila asubuhi alishapotea kwenye kona kabla sijavuta hewa ya kumjibia.

Basi siku moja akaja binti wa watu kuchukua baiskeli ya ami yake. Nilikuwa natia upepo gurudumu la nyuma. Nilikuwa nimefika kati, nimeacha pampu, nimekaa juu ya debe nikingoja dunia itulie. Wateja wengine wakinikuta hivyo ama walinipa nasaha ama walirudi nyuma. Huyu alikunja buibui lake, akachuchumaa, akachukua pampu.

"Shika hapo lisitikisike," akasema. "Mie ntamalizia."

Akamalizia. Akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akasema bado laini, akaongeza. Kisha akanishukuru kwa kazi nzuri, akaondoka akiikokota baiskeli, na mimi nimekaa juu ya debe langu kama bwege. Nilimpenda pale pale, sioni haya kulisema. Baada ya hapo baiskeli ile ikawa haikai na upepo hata wiki moja, na naapa si mimi niliyekuwa nikiutoa.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe kanikataza, na nyumbani kwangu amri yake ndiyo amri.

Mama akapeleka posa pamoja na shangazi zangu. Watu husema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi changu kilikuwa juu. Baba wa yule binti alikwisha kufa zamani, na walii wake, yaani mwenye mamlaka ya kumwozesha, alikuwa huyo ami yake. Naye alikuwa amepata makazi mjini, katika moja ya zile nyumba kubwa za mawe, ghorofa ya juu kabisa, yeye na mkewe na huyo binti na mama wa binti. Ngazi za nyumba zile mnazijua. Aliyezijenga alikuwa na ugomvi na watu wenye magoti.

Ami akasema hana jibu mpaka anione. Nikaenda. Nilipofika mlangoni mwake nikampa shikamoo yenye vipande vitatu, naye akaitikia marahaba akinitazama kifuani badala ya usoni. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mpole wa sauti, mwenye kupenda mambo yafanywe kwa utaratibu wake. Akanikalisha, akaniletea kahawa. Kikombe changu kilikuwa na rangi tofauti na chake. Akaanza kuniuliza maswali ya majibu marefu. Babu zangu walitokea wapi? Nafikiri nini kuhusu malezi? Nilijibu kwa mafungu, nikiinua kikombe kila pumzi ilipokwisha, ili ionekane nakunywa. Nilikunywa kahawa nyingi sana siku ile.

Mwisho akaweka kikombe chini.

"Kaka yangu alikuwa akipumua hivyo hivyo," akasema. "Nilimzika, nikabaki na mjane wake na mtoto anatambaa. Siwezi kumtia mtoto huyo katika shimo alilotoka mama yake."

Hapo nikaelewa, na ule utani wote niliokuwa nimejitayarishia ukanikauka mdomoni. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mzee huyu alitafunwa kweli. Kaka yake alikufa kwa kifua kikuu kabla ya sindano kufika kwetu. Nikajaribu kumweleza aliyoniambia daktari: kwamba ugonjwa ni kitu kimoja na kovu ni kitu kingine, kwamba mimi siambukizi wala sifi kesho, ni mtu mzima tu niliyepunguziwa hewa. Maelezo yalikuwa mazuri. Tatizo ni kwamba niliyatoa nikisimama kila baada ya maneno manne kuvuta pumzi, na kila nikisimama uso wake ulizidi kuingia giza.

Lakini hakukataa. Nadhani binti na mama yake walikuwa wameshamfanyia kazi huko ndani. Alisema ataniozesha kwa sharti moja.

"Siku ya nikahi utapanda hapa kwangu. Ntakutajia bibi harusi, na utajibu kwa pumzi moja. Ukikatika njiani, mie nautoa mkono wangu katika wako, na posa imekwisha."

Aliongeza kuwa wala hilo si lake, ni la dini. Alisikia darasani kwamba kauli ya walii na jibu la bwana harusi hazitengwi na kitu katikati. Nikasema sawa. Maneno yenyewe mafupi: nimekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari tuliyoagana. Hata mimi nayamudu.

Sikumjua ami. Miaka ile habari za ukoo hazikuwa za kusemwa ovyo njiani. Sote tulikuwa ndugu, na mtu akikuuliza babu yako nani ulimtazama mara mbili. Watu wengine walificha sukari uvunguni. Ami alificha nasaba. Na harusi ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kuitoa hadharani. Akaniletea salamu kwamba bibi harusi atatajwa kwa ukamilifu, yeye, baba yake, na mababu zake mpaka wa saba, na mimi nitamtaja vivyo hivyo. Mababu wale walikuwa na majina marefu kuliko umri wao, na wawili walikuwa na lakabu.

Rafiki yangu mkubwa, seremala, ndiye aliyekuwa awe mpambe wangu siku hiyo. Alipenda kupima mambo. Akanipima. Nilikuwa nafika kwa babu wa tatu, nikijitahidi sana wa nne, halafu naona nyota. Akanilazimisha kusoma majina yale kibandani huku nafanya kazi. Siku moja mteja alinikuta nimeinama juu ya baiskeli yake, nimeshika tairi kwa mikono miwili, nasema kwa unyenyekevu kwamba nimekubali kumuoa. Akaniuliza kwa upole ni la mbele au la nyuma.

Mama naye hakukaa bure. Alikanda asali na tangawizi, akanisugua kifua kwa mafuta ya karafuu mpaka nikawa nanuka kama gati ya bandarini. Kisha akasikia kwamba supu ya pweza inatia nguvu, akaagiza pweza kutoka Chwaka, wakaja wengi na gari la shamba. Alinipikia kila siku. Yeye maskini alikuwa na nia ya pumzi tu. Lakini Ng'ambo nzima inajua bwana harusi hunywa supu ya pweza kwa kazi gani, na kwa wiki nzima wanawake wa mtaani walinipisha njia huku wakifunika midomo kwa kanga.

Siku ikafika. Babu wa tano nilikuwa nimeshamfikia, wa sita kwa bahati, wa saba bado. Seremala akasema tatizo kubwa ni ngazi. Nikifika juu nimechoka, hata kwa babu wa kwanza sitafika. Akaenda kuzungumza na kiongozi wa wapiga dufu. Sijui alimwambia nini. Tulitoka Ng'ambo baada ya Alasiri kwa kasida na dufu, mimi katikati na joho la kuazima, na mwendo wa dufu Mungu kauumba kwa watu kama mimi, hatua moja mbele, nusu nyuma. Tulipoingia ndani ya nyumba na kufika kituo cha kwanza cha ngazi, kiongozi akainua mkono, wote wakasimama, wakaimba kasida nzima. Mimi nikaegemea ukuta na kuvuta hewa. Kituo cha pili, hivyo hivyo. Muuza vitambaa wa Kihindi aliyekaa ghorofa ile alitoka na mkewe na mama yake wakasimama mlangoni wamefunga mikono kifuani, na siku ya pili akamwambia ami kwamba tangu ahamie hapo hakuna harusi iliyowahi kumpa heshima kama ile. Wageni wa juu nao walisifu. Walisema watu wa Ng'ambo ndio wanaojua kupeleka bwana harusi, hawana papara.

Nikaingia nimetulia, napumua kama mtu. Nikakalishwa juu ya mkeka mbele ya ami, magoti kwa magoti. Shekhe akaenda na mashahidi mlango wa ndani, akamwuliza binti kama ameridhika. Binti akanyamaza kama inavyotakiwa, na kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake. Wakarudi wakimsifu kwa haya zake. Shekhe akasoma khutba, akaisoma kwa kirefu, nami kila aya nikaila kama chakula. Kifua kikawa chepesi. Nikamtazama seremala, naye akanikonyeza. Moyoni nikasema, leo babu wa saba nampata.

Hapo ndipo mke wa ami alipokumbuka heshima ya bwana harusi. Akatoa chetezo kupitia pazia, makaa mekundu na udi wa kweli, si ule wa unga, alioufungia kitambaani miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo. Wakakipitisha mkono kwa mkono, wakakiweka mbele yangu, chini ya kidevu. Mtu mmoja akanifunika na joho ili moshi usipotee. Tulikuwa tumefikiria ngazi, majina, supu, kasida. Udi hatukuufikiria, mimi wala seremala. Nani katika kisiwa hiki atafikiri harusi bila udi, au atauogopa udi?

Wakati huo huo ami akaushika mkono wangu na kusema. Alisema vizuri, sauti imesimama, mababu wake wanapita mmoja mmoja wakiwa wamevaa majina yao yote. Akanyamaza. Zamu yangu.

"Nimekubali kumuoa," nikasema, nikamtaja, nikamtaja baba yake, babu wa kwanza, wa pili. Kwa wa tatu moshi ukashuka. Kikohozi kilitoka mbali, huko kwenye makovu, kikanikunja mpaka paji la uso likagusa magoti ya ami. Nilikohoa mbele ya watu wote hao, kilemba kikaanguka. Nilipoinua kichwa sikuwa na babu, sikuwa na mahari, sikuwa na hata neno moja. Sauti pekee chumbani ilikuwa ya kifua changu.

Seremala akakiondoa chetezo. Watu wakatazama mkeka. Mimi nikautazama mkono wa ami uliokuwa umeushika wangu, nikangoja autoe. Hakuutoa. Niliinua macho nikitegemea kukuta hasira, nikakuta mzee aliyejaa hofu.

"Kaka yangu alianza hivi hivi," akasema kwa sauti ndogo.

Shekhe akaliona jambo limekaa vibaya. Akamwambia ami taratibu kuwa hakuna kilichoharibika, tutarudia.

"Sharia inataka asichelewe kujibu," akasema. "Haikusema asipumue."

Kuna waliocheka, wakajizuia. Ami akazidi kunitazama kifuani. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumpa, ile ya daktari, ya makovu na hewa. Pumzi ilinitosha maneno matatu.

"Hii si ile," nikamwambia.

Basi pazia la mlango wa ndani likatikisika. Alisimama nyuma yake mama wa binti, mjane wa yule kaka. Hakujionesha. Mwanamke huyu nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno mbele ya wanaume.

"Mwenyewe anasema apumue," akasema. "Yeye yupo, haendi popote."

Huko ndani wanawake wakaguna, maana bibi harusi hasemi siku hiyo, hata akikanyagwa. Aliyesifiwa kwa haya zake muda mfupi uliopita ameshatuma maneno kwa wanaume. Kisha yule mama akaongeza, na sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Na mie nasema, shemeji, kama ni hivi alivyokuwa akipumua marehemu, ningelipewa tena, ningelimchukua tena."

Ami akainamisha kichwa. Hata wapiga dufu, waliokuwa wameanza kuinusa biriani, waliacha kunong'ona. Sikumhurumia mtu katika maisha yangu kama nilivyomhurumia mzee yule, naye ndiye aliyekuwa anataka kuninyima mke.

Akaanza upya. Sikusikia babu yeyote.

"Nimekuoza," akasema, "mtoto wa kaka yangu." Akataka kuendelea, akashindwa. Akavuta hewa, ikakwama, akavuta tena. Machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu, na mahari ikabaki kooni. Hakuna aliyemkumbusha neno. Shekhe alingoja, mashahidi wakangoja, mimi nikangoja, nikimkamata mkono usianguke, mpaka akaipata, akaisema yote.

Nami nikamjibu kwa vituo, kama gari la shamba linavyoshusha watu. Nimekubali, nikapumua. Kumuoa, nikapumua. Nikamtaja yeye, nikapumua, nikamtaja baba yake kwa jina lake kamili, kwa sauti niliyoweza, kwa sababu nilitaka mkewe amsikie huko nyuma ya pazia. Nikamaliza mahari. Shekhe akasema imetimu, na vigelegele vikapasuka ndani. Watu wakainuka kwenda kunawa mikono. Ami hakuuachia mkono wangu, wala mimi wake. Tukabaki palepale mkekani, watu wazima wawili, tunavuta pumzi.